Lita 70 zinazopotea kila mwezi kwenye tangi lililofukiwa

Swali

Nasimamia vituo tisa vya kusukuma maji vilivyo mbali, vingi havina mlinzi wala mtu anayelala pale. Kila kituo kina jenereta ya akiba na tangi la dizeli lililofukiwa ardhini, la chuma, ukuta mmoja, lita 10,000. Kwenye kituo kimoja, kwa miezi minne mfululizo, hesabu inapungua lita 60 hadi 80 kila mwezi, na hapo nimeshatoa mafuta ya kujaribisha jenereta kila wiki nusu saa. Mkuu wangu anasema ni mvuke. Fundi mwenzangu anasema ni wizi. Vifaa vyangu ni dipstiki na daftari. Nikague nini, mara ngapi, na nitajuaje kama tangi limetoboka?

Jibu

Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, soma mita ya saa ya jenereta. Majaribio ya nusu saa kila wiki ni kama saa mbili kwa mwezi, na hizo umezitoa. Je, umetoa na saa za usiku ule umeme ulipokatika na hapakuwa na mtu? Jenereta ya akiba hujiwasha, hufanya kazi yake, hujizima, na asubuhi hakuna dalili. Injini inayokula lita 20 kwa saa inahitaji saa tatu na nusu tu za giza ili zimalizike lita zako 70. Nimewahi kuona kikosi kikichimba kando ya tangi siku mbili, jembe kwa jembe, kikitafuta uvujaji uliokuwa umeandikwa wazi kwenye mita ya saa. Hakuna aliyeisoma kwa sababu fomu yao ya ukaguzi haikuwa na nafasi ya kuiandika.

Kwa hiyo toa mafuta kwa saa za mita, usitoe kwa saa za ratiba. Na usitegemee kijitabu cha mtengenezaji peke yake. Kama jenereta ina mita ya umeme, kadiria lita 0.25 hadi 0.3 kwa kila yuniti inayozalishwa, ukikumbuka kwamba injini inayobeba mzigo mdogo hula zaidi kwa kila yuniti. Ikiwa baada ya hesabu hiyo lita 70 bado hazionekani, basi una kisa kweli, na tunaweza kuendelea.

Sasa mvuke. Mkuu wako anaifikiria petroli. Dizeli hutoa mvuke kidogo mno, tena ndani ya tangi lililofukiwa joto halipandi na kushuka kama juu ya ardhi. Lita 70 kwa mwezi haziwezi kupaa kupitia bomba la kupumulia. Hata hivyo usimcheke, maana kuna kitu kinachofanana na alichosema, nacho ni kusinyaa. Dizeli ikipoa kwa nyuzi moja ya Selsiasi hupoteza takriban asilimia 0.083 ya ujazo wake. Lori likishusha lita 6,000 zenye nyuzi 38, kisha zikapoa ardhini hadi nyuzi 26, ujazo unapungua kwa lita 60 hivi bila tone moja kutoka nje. Ila hilo hutokea mara moja, katika siku chache au wiki chache baada ya kupokea mzigo, halafu linakoma. Halirudii miezi minne. Angalia tarehe ya mwisho ya kupokea mafuta na utajua kama sababu hii inaweza kueleza walau mwezi wa kwanza.

Kuhusu dipstiki, watu huidharau au huiamini kupita kiasi. Chukua tangi lako: kama kipenyo ni mita 2 na urefu mita 3.2 (ndivyo matangi mengi ya ujazo huo yalivyo, kwa kukaribia), basi mafuta yakiwa nusu, milimita moja kwenye kijiti ni lita 6.4. Mafuta yakiwa sentimita 10 tu kutoka chini, milimita hiyohiyo ni chini ya lita tatu. Mtu anayekosea milimita 3 katikati ya tangi amekosea lita 19, na akikosea kwa upande wa pili mwezi unaofuata, tofauti inafika lita 38. Ndiyo maana lita 70 za mwezi mmoja pekee zisingenishtua sana.

Miezi minne ni kitu kingine. Kosa la kijiti halijikusanyi, kwa sababu kipimo cha kufunga mwezi huu ndicho cha kufungua mwezi ujao. Ukichukua kipimo cha siku ya kwanza na cha siku ya mwisho, baada ya miezi minne bado kosa kubwa ni lilelile la lita 38 au karibu na hapo. Upungufu wako lakini umefika kama lita 280. Kosa huyumba huku na huku. Uvujaji hauna mzaha, unakwenda upande mmoja. Kwa hiyo chora jumla ya upungufu tangu mwanzo, mwezi baada ya mwezi, kwenye karatasi ya miraba. Mstari ukishuka bila kupanda tena, mjadala wa usahihi wa kijiti umekwisha.

Hapa nitasema jambo ambalo wauza vifaa hawatalipenda. Kanuni za Marekani zinataka kifaa cha kupima tangi kielektroniki kiweze kugundua uvujaji wa lita 0.76 kwa saa, na jaribio la kubana tangi (la kuthibitisha kwamba halipitishi mafuta) ligundue lita 0.38 kwa saa. Upungufu wako ni karibu lita 0.1 kwa saa. Kifaa kinachotimiza tu kiwango hicho kinaweza kukupa cheti safi, na tangi likaendelea kupoteza lita 70 kila mwezi. Kanuni ya kulinganisha hesabu ya daftari na kipimo cha kijiti ndiyo legevu zaidi: inaruhusu tofauti ya asilimia moja ya mafuta yaliyopita pamoja na lita 492 kwa mwezi. Ilitungwa ikiwaza vituo vya kuuzia mafuta, ambako maelfu ya lita huingia na kutoka. Tangi la jenereta ya akiba limelala muda mwingi. Utulivu huo ndio mali yako, kwa kuwa katika tangi lililolala, siku 30 za lita 70 ni milimita 11, na hizo hata jicho la kawaida huziona.

Basi ulaze makusudi. Kama kituo kina tangi dogo la siku linalolisha injini, lijaze, zima pampu ya kuhamisha mafuta, funga valvu ya kutoka tangi kubwa na ile ya bomba linalorudi humo, kisha tundika kibao kinachosema nani amefunga na lini. Hakikisha kwanza kwamba tangi dogo linatosha saa za dharura mnazotakiwa kuzimudu, na kwamba ziada inayorudi kutoka kwenye injini ina njia ya kurudi kwenye tangi hilo dogo. Kama haina, usifunge bomba la kurudi, unaweza kuharibu injini. Pima mafuta na maji kabla ya kufunga, kisha kila wiki kwa wiki nne, saa ileile, kwa kijiti kilekile na ikiwezekana kwa mkono uleule. Soma mara mbili kila unapopima na uchukue wastani.

Tangi likishuka likiwa limefungwa, tatizo ni tangi lenyewe au mtu anayefungua kifuniko. Likitulia, tatizo liko kwenye mabomba au kwenye matumizi ya injini. Na katika mabomba, shaka yangu ya kwanza huwa kwenye bomba la kurudi. Injini nyingi za dizeli huvuta mafuta mengi kuliko zinayounguza, ziada inarudi tangini. Bomba la kuvuta likitoboka, mara nyingi litavuta hewa na injini italalamika: itawaka kwa shida au itazima. Bomba la kurudi likitoboka, injini haina habari. Inamwaga ardhini kila inapowaka, na ikizimwa hakuna kinachovuja. Wakaguzi hufika jenereta ikiwa imezimwa, wanaangalia, wanaondoka wameridhika. Kama upungufu wako unafuatana na saa za mita, mwezi wa saa nyingi ukipoteza nyingi na wa saa chache kidogo, fukua bomba hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi mwenzako anaweza kuwa na haki pia. Mwizi na tundu huandika kwa mwandiko tofauti: mwizi hushusha mafuta kwa ngazi, lita 20 au 40 kwa mpigo, kisha kimya, tundu hushusha kwa mteremko. Kwa kipimo cha mara moja kwa mwezi huwezi kutofautisha ngazi na mteremko, ndiyo sababu nyingine ya kupima kila wiki kwa kipindi hiki. Weka lakiri zenye namba kwenye kifuniko cha kujazia na kwenye koki ya kumwagia ya tangi dogo, na namba ziandikwe na mtu asiyetunza funguo. Usisahau kwamba mafuta huweza kuibwa hata kabla hayajaingia tangini, wakati wa kushusha. Hilo dipstiki ya kabla na baada italionyesha.

Maji ndiyo sehemu ambayo ningetaka uikazie macho kuliko zote. Kila unapochovya kijiti kipake rojo ya kupimia maji, ile inayobadilika rangi, na uandike urefu wa maji kando. Maji ni mazito kuliko dizeli kwa hiyo hukaa chini, na kijiti kisichopakwa rojo husoma jumla ya vyote viwili. Tangi linaweza kuwa limepoteza lita 100 za mafuta na kupokea lita 100 za maji, na daftari lako likasema kila kitu ni salama. Hili si jambo la nadharia. Tundu likiwa chini ya kiwango cha maji ya ardhini, msukumo wa nje unaweza kushinda wa ndani, na badala ya mafuta kutoka, maji yanaingia. Kiangazi maji ya ardhini yakishuka, mkondo unageuka. Kwa hiyo tangi lililotoboka huweza kuonekana zima msimu wote wa mvua. Linganisha miezi yako minne na mvua. Maji yaliyoongezeka bila mzigo mpya kushushwa, hasa baada ya mvua, yanatosha kulitilia tangi shaka hata kama mafuta hayajapungua. Kagua kwanza kifuniko na chemba ya kujazia, kwani mara nyingi maji hupitia mpira uliokauka pale juu na tangi halina kosa.

Maji hayohayo hulila tangi kutoka ndani. Kwenye mpaka wa maji na dizeli huota vijidudu na kuvu vinavyotoa asidi na utando; utando huziba filta siku jenereta inapohitajika kweli, na asidi hula chuma. Mwaka 2016 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa matangi 42 ya dizeli yaliyokuwa kazini: asilimia 83 yalikutwa na kutu ya ndani ya kiwango cha kati au kikubwa, na wamiliki wengi hawakuwa na habari. Vuta maji kwa pampu ya mkono kila yanapoonekana. Kama dipstiki imekuwa ikigonga sehemu moja ya sakafu miaka mingi bila bamba la kuipokea, mara nyingine tundu huwa hapohapo chini ya kijiti.

Kwa kutu ya nje, tangi la chuma linahitaji kinga ya katodi, yaani umeme mdogo, au kipande cha chuma kingine kinacholiwa badala ya tangi. Uliza kama lako linayo. Kipimo kinachokubalika ni milivolti 850 hasi, au hasi zaidi ya hapo, kati ya tangi na elektrodi ya kulinganishia ya shaba na salfeti ya shaba inayogusishwa udongoni, nacho hupimwa na mtu aliyefunzwa kila miaka 3. Kama kinga inatumia umeme, kifaa chake kisomwe kila siku 60. Hiki ndicho kinachokufa kimya kwenye vituo vya mbali. Nimekuta plagi imechomolewa ili mtu achaji simu, na kwa kulitazama vumbi lililokuwa juu yake, simu hiyo ilishajaa siku nyingi.

Umeuliza mara ngapi. Kanuni za Marekani zinataka mzunguko wa ukaguzi wa macho kila siku 30, vifaa vya kugundua uvujaji vijaribiwe kila mwaka, na chemba za kukinga mafuta yanayomwagika na vifaa vya kuzuia kujaza kupita kiasi kila miaka 3. Kuna nafuu moja inayowafaa ninyi: tangi linalopokea mafuta kwa vipindi vinavyozidi siku 30, chemba yake ya kujazia inaweza kukaguliwa kabla ya kila upokeaji. Inafaa kujua pia kwamba nchi hiyo ilitunga kanuni za matangi yaliyofukiwa mwaka 1988 lakini matangi ya jenereta za dharura yakaachwa nje ya sharti la kugundua uvujaji. Marekebisho ya 2015 ndiyo yaliyoyaingiza, na ya zamani yakapewa hadi Oktoba 2018. Ninyi si wa kwanza kulisahau tangi la jenereta. Sheria ya nchi yako ndiyo inayokufunga. Namba hizi zichukue kama kipimo cha akili.

Katika ziara ya kila mwezi sihitaji fomu ya kurasa sita. Nataka urefu wa mafuta, urefu wa maji, mita ya saa, namba za lakiri, na macho yaliyofunguka: chemba ina maji au mafuta? Majani ya hapo karibu yamekauka bila sababu? Bomba la kupumulia liko wazi? Nyigu hupenda sana kujenga humo, na bomba lililoziba hufanya tangi livutane na pampu. Vituo vyenye sensa kwenye chemba, hakikisha sensa iko chini kabisa. Mafundi waliochoshwa na king'ora cha maji ya mvua huiinua na kuifunga kwa waya juu ya chemba, na tangu siku hiyo king'ora hakilii tena, hata mafuta yakijaa.

Siku ya kushusha mafuta mtu wenu awepo, asiachiwe dereva peke yake. Mafuta mengi humwagika siku hiyo, si siku nyingine. Pima kabla, toa kwenye ujazo salama, ndipo lori lifunguliwe. Kwa lita 10,000 usivuke 9,500, na king'ora kama kipo kilie kwenye 9,000. Pima tena baada ya mafuta kutulia, na ukiweza andika nyuzi joto za mafuta yaliyoletwa. Hapo mkuu wako na mvuke wake mtamalizana kwa hesabu.

Kama vipimo vya wiki nne vitaonyesha tangi linashuka likiwa limefungwa na lakiri hazijaguswa, lichukulie limetoboka. Usilijaze tena, hamishia jenereta kwenye tangi la juu ya ardhi la muda, na toa taarifa kwa mamlaka ya mazingira na kwa watu wenu wa ubora wa maji siku hiyohiyo. Nasisitiza hao wa mwisho kwa sababu chako ni kituo cha maji. Kisima kinachosukumwa huteremsha maji ya ardhini kukizunguka na kuyavuta kutoka pande zote. Dizeli iliyomwagika karibu nacho haikai ilipo. Pampu yako mwenyewe inaiita. Chukua sampuli ya maji ya kisima sasa, usisubiri wiki nne.

Usikimbilie kulikausha tangi wakati maji ya ardhini yako juu. Tangi lako likizama lote katika maji husukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 10, na chuma chake chenyewe hakizidi sana tani moja. Udongo wa juu na mikanda ya nanga, kama ilifungwa, husaidia, lakini yapo matangi yaliyoibuka na kukata mabomba yote kwa sababu mtu aliyamaliza mafuta katikati ya masika. Subiri yashuke, au fanya kazi na mtaalamu anayejua kiwango cha maji ya pale. Na mtu yeyote asiingie ndani ya tangi wala kuinama ndani ya chemba ya kina bila vipimo vya hewa na mwenzake juu. Tangi tupu linaua haraka kuliko lililojaa.

Ukiniuliza la kufanya kwa hivyo vituo tisa, ningependekeza kila tangi la ukuta mmoja linapofika zamu ya kubadilishwa lisizikwe tena. Tangi la juu ya ardhi lenye kuta mbili linachukua nafasi, linapigwa jua, linamvutia mwizi, yote kweli. Lakini likivuja, mtu aliyekuja kufyeka nyasi analiona.

Anza na mita ya saa wiki hii. Ukipata siku 30 za namba nitumie, na maji yaandike kwenye safu yake peke yake.